Breka Iliyoandikwa Dobi

Siku yangu ya kwanza katika kazi hii nilipewa ngazi niishike. Sikujua kama hiyo nayo ni kazi. Nilikuwa mfagizi katika ofisi ya wahandisi washauri pale mjini Mwanza, ghorofa ya pili, na asubuhi hiyo msaidizi wa Mhandisi Mkuu alikuwa amelala na malaria. Mhandisi Mkuu alikuwa mzee wa Kihaya, Kiswahili chake kimepangwa kama vyombo kabatini. Alinikuta mlangoni na ndoo, akaniuliza kama naogopa kuandika namba. Nikamwambia mimi nimeishia darasa la saba. Akasema hakuniuliza nimeishia wapi.

Basi tukaenda kwenye jengo la maduka na ofisi karibu na soko. Yeye anapanda, anachungulia taa, anataja. Mimi nashika ngazi kwa nyonga na daftari kwa mkono. Taa nne, moja imekufa. Feni mbili. Friji la soda, mlango haushiki. Tulihesabu kila kitu kinachokula umeme mle ndani, mpaka birika la chai la mlinzi. Jioni akachukua daftari langu kulikagua, nikaona kidole chake kimesimama pembeni mwa ukurasa. Nilikuwa nimeandika kwa herufi ndogo: chumba cha mhasibu pazia limefungwa, taa inawaka, nje jua kali.

"Hili nani alikutuma uandike?"

"Hakuna, mzee."

"Uliliona au ulilidhani?"

"Nililiona."

"Basi liache."

Kesho yake ndoo alipewa mtu mwingine. Hivyo ndivyo mimi Kabula, ambaye nyumbani nilikuwa nalipiwa umeme na sijui yuniti ni nini, nilivyoingia kwenye kazi ya kupima majengo. Nasimulia kwa sababu vijana wa ofisini waliniomba niandike kazi ilivyokuwa. Sina hakika kama mimi ndiye wa kuulizwa. Wako waliosoma. Lakini madaftari ninayo, yamejaa sanduku zima, na ninachosimulia hapa nimekitoa humo, isipokuwa pale nitakaposema.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Mwenye jengo, liwe hoteli, ofisi, kiwanda au maduka, anataka kujua jengo lake linatumia umeme kwa busara au linauvujisha. Sisi tunaenda, tunasoma mita, tunahesabu vifaa, tunapima joto na mwanga, tunauliza watu wanafungua saa ngapi na kufunga saa ngapi. Mwisho tunachukua yuniti zote za mwaka na kuzigawa kwa ukubwa wa sakafu, inapatikana namba moja. Namba hiyo Mhandisi Mkuu alinifundisha kuielewa kwa kadi ya kliniki. Alisema mtoto wa kilo kumi anaweza kuwa mzima au mgonjwa. Kilo peke yake haisemi kitu mpaka ujue umri. Na jengo ni hivyo hivyo. Yuniti nyingi kwenye jengo kubwa si kosa, na yuniti chache kwenye kibanda zinaweza kuwa ugonjwa. Nilikuwa na watoto wawili wakati huo, kadi zao nazijua, basi nikaelewa siku hiyo hiyo.

Chombo chetu kikubwa kilikuwa klampu. Ni kama koleo lenye mdomo wa duara: unaubana waya mmoja bila kuukata, kioo kinakuonyesha umeme unaopita ndani. Mara ya kwanza nilidhani ni mazingaombwe. Niliubana waya wa friji nikasubiri, mashine ikanguruma, namba ikaruka. Ikanyamaza, namba ikalala. Nilirudia mara sita mpaka mwenye duka akauliza kama friji lake lina shida. Nikamwambia hapana baba, natazama tu linavyopumua.

Kingine alichonifundisha tulikiita zima-uone. Kwenye bodi ya umeme, lile sanduku la ukutani, kuna swichi nyingi ndogo zinazoitwa breka, na kila moja imebandikwa karatasi: taa za mbele, jikoni, pampu. Mhandisi Mkuu hakuwa anaziamini karatasi. Anazima breka moja, halafu tunazunguka jengo zima kuona nini kimekufa. "Karatasi imebandikwa na mtu," alikuwa anasema, "na mtu huyo amekwishahama." Kazi hiyo inachosha na inaudhi watu. Nimetukanwa na vinyozi mashine ikiwa katikati ya kichwa cha mteja. Mmoja alinifuata mpaka nje, akaniambia nimlipie yule mteja kofia.

Nilipelekwa huku na huku. Mwaka mzima karibu nilikuwa Nyegezi kwenye majengo ya maduka karibu na stendi, na huko nilijifunza kwamba wenye maduka huweka friji juani makusudi ili abiria wazione, halafu wanalalamika zinakula umeme. Nilikaa kwenye kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara, nikatoka na mafua ya miezi. Upande wa Ilemela, ambako nyumba zimeegemea mawe, nilishangazwa na jiwe. Chumba kilichobanana na jiwe kubwa kilikuwa cha baridi asubuhi kuliko vyumba vyote, na jioni kilikuwa cha moto kuliko vyote, maana jiwe linakunywa jua mchana na kulitapika baadaye. Niliandika hilo pembeni, nikapima wiki nzima kwa kipimajoto changu mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kujua.

Nilikuwa naandika na wadudu wa ziwani. Wageni hushtuka wakiwaona: wingu linapanda kutoka majini kama moshi wa nyasi mbichi, upepo unalisukuma nchi kavu, na asubuhi ukuta mweupe umekuwa mweusi, ukikanyaga chini panachakarika. Hawaumi. Wanakufa tu popote walipotua. Kwa nini niliwaandika? Sijui kwa kweli. Niliandika mvua, niliandika umeme ulipokatika, basi na wao nikawaandika.

Mhandisi Mkuu alipostaafu na kurudi kwao, nafasi ilichukuliwa na Mhandisi wa Miradi. Nataka nimtendee haki huyu. Alikuwa kijana kwangu kwa miaka kumi na mitano, amesoma nje, na kwa kompyuta yake alifanya kwa siku moja hesabu ambazo zamani zilituchukua wiki. Alinipandisha cheo nikaitwa Msaidizi wa Vipimo, na jina langu likaandikwa kwenye ripoti. Mambo yangu ya pembeni yalimchekesha. "Mama Kabula, mteja hajatulipa tuhesabu wadudu," alikuwa ananitania, na mimi nacheka, maana ilikuwa kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na haraka ile ndiyo iliyotuletea wateja.

Sasa nifike kwenye hoteli. Jina lake naliweka kando. Ilikuwa ya ufukweni, na imeshabadilisha wenyewe. Meneja alituita kwa sababu yuniti zilikuwa zinapanda mwezi hadi mwezi na wageni hawajaongezeka. Tulipewa siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili. Siku ya kwanza niliomba ruhusa ya kufanya zima-uone. Meneja akakataa. Alikuwa na wageni wa harusi hoteli nzima, na siwezi kumlaumu; bibi harusi akikatikiwa umeme anasuka nywele, nani atajibu? Mhandisi wa Miradi akasema tufuate karatasi za kwenye bodi, kila breka tuipime kwa klampu, tuendelee.

Jumapili mchana hoteli ilikuwa kimya, watu wako kanisani au wamelala. Nikabana waya wa breka iliyoandikwa DOBI. Namba ikaniangalia. Ilikuwa kubwa, na haikushuka ila kwa muda mfupi, halafu inapanda tena. Lakini chumba cha dobi Jumapili kinafungwa. Nikamuuliza mhudumu mmoja nani ana ufunguo. Akasema Bi Zuhura, dobi mkuu, na kwamba asubuhi hiyo alimwona akipita uani. Nikashusha kalamu nikaandika: Dobi inatumia umeme Jumapili wakati hakuna nguo za wageni. Huenda zinafanyika kazi za nje.

Sentensi hiyo ya pili ningeweza kuimeza nisiiandike. Sikuwa nimeingia dobi. Sikuwa nimeona pasi wala mtu. Na sikuandika mahali popote kwamba zima-uone haikufanyika. Katika ripoti iliyochapwa neno "huenda" halikuwepo, Mhandisi alilipunguza ili maelezo yawe mafupi. Nimejiuliza sana kama lingebaki lingeokoa kitu. Nadhani lisingeokoa. Anayetaka kumjua mwizi hasomi "huenda."

Baada ya mwezi na nusu nilirudi peke yangu kwa ufuatiliaji, yaani kwenda kuona kama mteja amefuata ushauri na mita inasemaje. Ilikuwa Jumanne. Mita kuu haikuwa imeshuka hata kidogo. Nikapita dobi kusalimia, nikamkuta mama mwingine, mgeni, anakunja mashuka. Nikamuuliza Bi Zuhura yuko wapi.

Akaniangalia kama anayeuliza kama namtania. "Si ninyi mlimwandika?"

Nikaambiwa yote. Meneja alisoma ripoti yetu, akamwita Bi Zuhura, akamwambia anafua na kupiga pasi nguo za watu wa mtaani kwa umeme wa hoteli. Alikuwa amesimamishwa, na Ijumaa ya wiki ile ile kilikuwa kikao cha kumwachisha kazi. Alikuwa na miaka kumi na tisa pale. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa maua.

Jumatano niliomba ruhusa ofisini, nikaenda kwake Mkuyuni, nyuma ya soko. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nimejiandaa kuyapokea. Nilimkuta uani anachambua mchele. Ni mtu mzima kwangu, mwanamke mwembamba, mtandio umefungwa vizuri hata kwenye kazi zake za nyumbani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea kigoda. Nikajitambulisha. Aliendelea na mchele wake kidogo, halafu akauliza bila kuinua macho:

"Mliniona?"

"Hatukukuona."

"Basi nani aliandika?"

"Niliandika mimi."

Akapepeta ungo mara mbili tatu. Akasema Jumapili ile alipita kuchukua miwani yake aliyoisahau dirishani, akafungua, akachukua, akafunga. Halafu akasema jambo ambalo sikumuuliza. Akasema wajukuu wake wawili wanakaa naye, na sare zao za shule alikuwa anazipiga pasi pale pale hotelini Jumamosi jioni, baada ya shuka la mwisho, pasi ingali ya moto. "Hilo nimelifanya," akasema. "Mashati mawili na sketi mbili. Nguo ya mtu wa nje sijawahi kuiweka kwenye ile meza. Sasa mwanangu, wewe uliyekuja na vyombo, mashati mawili yanaweza kuifilisi hoteli?"

Nikamwambia sijui, lakini naweza kupima. Akacheka kicheko cha puani. Akasema pima basi, ila upesi, kesho kutwa ni Ijumaa.

Jioni hiyo nilifungua madaftari yangu mezani. Sikuwa natafuta wadudu, nisijipe sifa isiyo yangu. Nilikuwa natafuta ile Jumapili, nione kama nilikosea kusoma klampu. Namba ilikuwa sawa. Lakini Ijumaa, siku mbili kabla, breka ile ile ya dobi ilionyesha namba ndogo zaidi, na Ijumaa ndiyo siku dobi ilikuwa inafanya kazi kweli kweli kwa ajili ya harusi. Inawezekanaje chumba kile kile kitumie zaidi kikiwa kimefungwa? Macho yakateremka pembeni mwa ukurasa. Jumamosi: wadudu wengi sana, ukuta wa upande wa ziwa mweusi. Nikafungua ya jana yake, Jumanne ya ufuatiliaji. Breka ya dobi, namba kubwa tena, na dobi mwingine ndiye aliyekuwemo. Pembeni: wadudu jana, wafagizi wanawazoa kwa koleo.

Wadudu hawapigi pasi. Kama wadudu wakija breka ya dobi inapanda, basi kwenye waya ule kuna kitu kilichoko nje, kinachovuta hewa ya ziwani.

Alhamisi asubuhi nilimwendea Mhandisi wa Miradi. Nilimweleza yote pamoja na sentensi yangu. Hakufurahi, na alikuwa na sababu. Ripoti imesainiwa, imelipiwa. Tukirudi kusema tulikosea, hoteli nyingine zitasikia. Akazunguka na kiti chake.

"Una uhakika gani?"

"Sina. Ndiyo maana nataka kwenda."

"Na ukikuta ni kweli alikuwa anafua nguo za mtaani?"

"Nitaandika hivyo."

Akanipa gari na siku moja. Akasema, na hili nalikumbuka kwa uzuri, kwamba kama kuna aibu tutaigawana.

Hotelini meneja alikataa tena kuzima umeme. Nikamwambia, "Baba, mimi ndiye niliyeandika maneno unayoyashika. Kesho utamfukuza mtu kwa mkono wangu, na mkono huo haukuthibitisha. Nipe dakika kumi." Alitazama saa, akatazama ukumbi ulivyo mtupu, akamwita fundi wa hoteli. Fundi huyu, Magesa, ni Mjita, mpole, na alipoona naelekeza kidole kwenye breka ya dobi alianza kujikuna shingo kabla hata hatujagusa kitu.

Tukaizima. Tukazunguka. Dobi: mashine ya kufulia imesimama, taa ya pasi imezimika, sawa. Vyumbani taa zinawaka. Baa inaendelea. Jikoni majiko na friji vinafanya kazi. Tukatoka kwa mlango wa nyuma, na hapo nikasimama. Sikusikia kitu. Nilikumbuka kwamba siku zote tatu za mwanzo nikipita hapo kulikuwa na mngurumo.

"Hapa kuna nini?" nikauliza.

Magesa akasema taratibu, "Mashine ya chumba cha baridi, mama."

Chumba cha baridi ndimo hoteli ilimohifadhi samaki na nyama. Mashine yake ilikuwa nje, nyuma ya jikoni, imetazama ziwa. Magesa akaeleza bila kuficha. Breka ya chumba cha baridi iliungua wakati wa sikukuu, hoteli imejaa, samaki wataharibika, akauhamishia waya kwenye breka iliyokuwa karibu, ya dobi. Alikusudia kubadilisha karatasi siku ya pili. Siku ya pili ikaja na pampu iliyokufa, na ya tatu na kitu kingine. Meneja alitaka kumfokea, nikamwomba asimfokee bado. Aliokoa samaki wale. Kosa lake lilikuwa la karatasi, na langu nilipoiamini lilikuwa kubwa kuliko lake, maana mimi nililipwa kutoiamini.

Tukaifungua mashine. Upande mmoja una kondensa, ni kama kitana cha bati chenye mapezi membamba mengi, ambamo feni inavuta hewa ili joto lililotolewa kwenye chumba litoke nje. Mapezi hayakuonekana. Kulikuwa na blanketi. Kitu cha kijivu, kinene kama kidole, kimelala bapa kuanzia juu mpaka chini, na harufu ya ziwa lililooza. Nikakigusa kikabanduka kipande kizima, na ndani yake nikaona mabawa, maelfu ya mabawa madogo. Kila wingu lililopita liliacha tabaka lake. Mashine ilikuwa inavuta pumzi kupitia blanketi, haipati, basi inakimbia mchana na usiku karibu bila kupumzika. Niseme ukweli, hata pamoja na uzito wa siku ile, nilifurahi kuiona. Ilikuwa ajabu, na ilikuwa inaeleweka.

Tulisafisha kwa brashi laini na maji. Magesa akawasha. Nikabana klampu nikasubiri karibu saa nzima. Mashine ilikimbia, ikafika mahali ikanyamaza, ikakaa kimya muda mrefu. Namba ikalala. Halafu nikaenda dobi nikapima pasi peke yake, nikamwomba yule mama mgeni apige mashati mawili na sketi mbili za wahudumu. Nikaandika. Sare zile za wiki nzima zilikula kiasi ambacho mashine yenye blanketi ilikula kwa muda wa kunywa chai.

Ijumaa tuliketi kwa meneja: yeye, Mhandisi wa Miradi, Bi Zuhura na mimi. Nilisoma masahihisho niliyoandika kwa mkono. Nilisoma kwamba sentensi ya kazi za nje ilikuwa dhana yangu, kwamba zima-uone haikufanyika na sikusema, kwamba mzigo uliopimwa Jumapili ni wa chumba cha baridi. Meneja alisikiliza yote. Halafu akanigeukia.

"Sawa. Nimeelewa mashine. Sasa niambie wewe, mama huyu hajawahi kutumia pasi yangu kwa mambo yake?"

Hapo ndipo nilipotamani kuwa mfagizi tena. Nilikuwa nimeambiwa, sikuwa nimeona. Nikisema hajawahi, nimedanganya. Nikisema amewahi, nimechukua neno alilonipa kigodani kwake nikalifanya ushahidi.

"Hilo sikulipima," nikasema. Na hata nilipokuwa nalisema nilijua ni nusu ya jibu.

Bi Zuhura akaweka mikono juu ya meza. "Nimewahi," akasema. "Sare za wajukuu. Nilimwambia huyu, na ninakwambia wewe. Ungeniuliza siku ile ningekwambia. Hukuniuliza, ulinisomea."

Mhandisi wa Miradi alikohoa, akamwambia meneja kwamba tumelipima hilo nalo, akampa karatasi yangu ya pasi. Meneja aliisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake. Mwisho akasema Bi Zuhura arudi kazini Jumatatu, na atapewa barua ya onyo kwa habari ya sare. Bi Zuhura akasema onyo analipokea, maana ni lake. Lile lingine, la nguo za mtaani, hakulipokea. Akatoka, na mlangoni hakunitazama.

Mhandisi wa Miradi alisaini masahihisho yakapelekwa. Hatukupoteza wateja kama alivyohofia. Alipotea mmoja, sijui kama ni kwa sababu hiyo. Tangu hapo daftari langu nililigawa mistari mitatu kila ukurasa: nimeona, nimeambiwa, nadhani. Ofisi ikaichukua ikawa fomu, na vijana wanaoijaza leo wanadhani imetoka kitabuni. Mstari wa wadudu upo pia. Wakiandikwa, wiki hiyo kondensa zote zinazotazama ziwa zinasafishwa.

Hotelini nilirudi mara nyingi kwa miaka iliyofuata. Bi Zuhura aliitika salamu yangu kila mara, marahaba, na hapo ndipo maneno yalipoishia. Sikumlaumu. Jumatano ile, kabla sijathibitisha chochote, tayari alikuwa ameshakaa nyumbani wiki tatu kwa ajili ya mstari mmoja wangu, na majirani wanajua. Hayo masahihisho majirani hawakusomewa. Alistaafu kabla yangu.

Mimi nimestaafu mwaka jana. Watu huniuliza kama najivunia majengo niliyoyapima. Sijui. Mengi yamebadilishwa, mengine hata ushauri wetu haukufuatwa. Ninachokikumbuka zaidi ni kutaka kujua. Asubuhi unafungua bodi ya jengo geni, hujui lolote, na mpaka jioni limekwambia kitu. Ninachokiogopa mpaka leo ni jinsi jambo nililolidhani lilivyotoka mkononi mwangu limevaa nguo za jambo nililoliona.

Siku mbili kabla ya kuagwa ofisini nilishona gauni la kitenge, na umeme wa kwangu ulikuwa umekatika. Nikalibeba mpaka Mkuyuni. Sitaki kusema nilikwenda kwa sababu ya pasi. Bi Zuhura alinitazama mimi, akatazama gauni, akaingia ndani akatoka na pasi ya mkaa, ile ya chuma yenye jogoo mbele. Akaijaza makaa, akaipepea, akatandika blanketi juu ya meza ya uani. Alipiga pasi kuanzia kola, polepole, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, na mimi nimesimama pembeni sina la kufanya na mikono yangu.

Alipofika kwenye pindo akasema, bila kuinua macho, "Leo unaniona?"

"Nakuona, mama."

"Napiga pasi nguo ya mtu wa nje."

"Naona."

"Basi andika," akasema, akaligeuza gauni upande wa pili. "Yuniti sifuri."